Cherehani 12 na Hati Safi

Simba wa Nairobi alipotoa ruzuku ya ufundi, aliifunga kwa masharti: ni ya maendeleo tu, isiguse matumizi ya kawaida. Mpokeaji wake Lodwar alikuwa Ngamia, na aliyemteua hakukosea, maana ukingo mzima wa mto Turkwel hauna mnyama ajuaye kuweka kama yeye. Kuweka, si kutoa.

Msomaji anayemngoja Fisi atachoka bure. Katika hekaya hii hakuna aliyeiba hata senti.

Huko Kakuma, kando ya laga ya Tarach, ndege Mnana alifundisha ushonaji chini ya mgunga. Baadhi ya wanafunzi walikuwa wa papo hapo, wengine wajukuu wa waliovuka mpaka mwaka 1992 wakikimbia vita vya Sudan. Cherehani ilikuwa moja, ya kukanyaga, mkanda wake umeungwa kwa ngozi ya mbuzi, jambo ambalo wanambuzi wa darasa hilo walikubaliana kutolisema.

Fedha zilifika Lodwar mwezi Mei. Mwaka wa fedha huisha 30 Juni, na Ngamia, ambaye hajawahi kukimbilia hata maji, siku hizo alikimbia. Zabuni ikatangazwa, mihuri ikagongwa, Punda akabebeshwa cherehani 12 mpya kwenda Kakuma.

Mnana akafungua sanduku la kwanza. Akalisukuma gurudumu kwa ukucha, likazunguka bila kelele. Akainama kuchungulia pale sindano inapokaa: tundu tupu. Sanduku la pili, vivyo hivyo.

"Mzee, sindano ziko wapi?" akamuuliza Ngamia.

"Sindano huvunjika, mwalimu. Kinachovunjika ni matumizi ya kawaida. Hata uzi. Hilo ni fungu jingine."

"La nani?"

"Andika barua."

Akaandika tatu. Kisha akauliza kama anaweza kununua sindano kwa karo ya wanafunzi.

"Sindano zako ndani ya mali ya ruzuku?" Ngamia alishtuka. "Mkaguzi akija atasemaje?"

Masanduku yakafungwa tena.

Hapa niseme langu. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, na kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 Nairobi ilivitengea ruzuku yenye masharti. Sina ugomvi na masharti; fedha za umma zisizo na kamba hupotea vichakani. Lakini hata mchunga mbuzi, kabla ya kupiga fundo, hupima kamba aone kama inafika kwenye majani.

Mkaguzi, Kobe, alifika baada ya mwaka na nusu. Alihesabu moja hadi 12, akapapasa lakiri. Hakuna kutu wala mkwaruzo. Akasema hajapata kuona mali iliyotunzwa namna ile.

Alipokuwa akiondoka alimpita Kidiri, binti wa darasani, akishona kola ya sare kwenye ile cherehani kuukuu. Akasimama.

"Hiyo imo kwenye rejista?"

"Haimo, babu."

"Basi sijaiona."

Hati ikatoka safi, ikatundikwa ukutani Lodwar. Mali yote ya ruzuku ipo, inasema, na hakuna sindano hata moja iliyopotea.