Honi Iliyojipigia Yenyewe

Kwenye ile klipu, mzee anayeonekana ameinua kidole cha shahada huku maji yamemfika kiunoni ni mimi. Kile cheupe nyuma yangu, ambacho kuna aliyeuliza kama ni boti ya doria, ni gari la mkwe wangu. Ningeomba wanaoendelea kuisambaza wajue kwamba aliyerekodi alianza mwishoni, kwa hiyo hoja yangu haisikiki vizuri. Imeshafika kwenye kundi la ukoo, kundi la walimu wastaafu, na kundi la akina mama wa msikitini. Hilo la mwisho aliyeituma ni mke wangu.

Tulikwenda Bagamoyo kutembea. Usiku wa kuamkia safari tulikaa barazani. Mke wangu alikuwa amemaliza kufunga masiku meupe, yale ya tarehe 13, 14 na 15 za mwezi mwandamo. Amefuturu, ametulia, ana kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Akatazama juu, akasema, “Mwalimu, mwezi umejaa.”

Mtu akishakaa kwenye ndoa miaka thelathini na kitu hazoei kuambiwa maneno kama hayo bila kufuatiwa na hela ya gesi. Nikajisogeza. Nikamjibu, “Hata wewe, mama, hujapungua.”

Akaingia ndani. Sasa anasema alikuwa ananipa taarifa ya bahari.

Tulifika ufukweni kwenye saa nne na nusu asubuhi. Kijana mmoja mwenye fulana ya njano akatuonesha kivuli cha mwarobaini: maegesho, shilingi elfu moja. Nikakataa, si kwa ubahili kama inavyodaiwa kwenye lile kundi la ukoo, bali kwa msingi. Nikamweleza yule kijana kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka baharini, na kwamba mwarobaini hakuupanda yeye. Nikalishusha gari hadi mchangani. Ulikuwa mchanga mgumu, mpana kama uwanja wa gwaride. Vijana wanacheza mpira, ngalawa zimelala ubavu, bahari yenyewe iko kule, mstari mwembamba tu. Mke wangu akashuka, akabonyeza mchanga kwa kisigino. Kishimo kikajaa maji.

“Mwalimu, hapa ni baharini.”

“Palikuwa baharini,” nikamsahihisha. “Maji yametoka. Yatarudi jioni.”

Tukapanda kwenda Mji Mkongwe. Nikamtembeza kwenye nyumba za mawe na milango ya nakshi, nikamsimulia jinsi Susi na Chuma na wenzao walivyoubeba mwili wa Livingstone kwa miguu kutoka kwa Chitambo, kule Zambia ya leo, hadi Bagamoyo, mwaka 1874. Alisikiliza. Alikula pweza. Tuliporudi ilikuwa imeshapita saa nane, na pale penye uwanja wa mpira palikuwa na bahari.

Gari lilikuwa limezama hadi usawa wa vitasa. Nilipofungua mlango, maji yalitoka kidogo na kuingia mengi. Kapeti za miguuni zilikuwa zinaelea. Juu ya dashibodi, pembeni ya kile kisanduku cha tishu, alikaa kaa mmoja mdogo, ameinua gando moja, ananitazama kama mtu aliyelipia. Ndipo waipa zikaanza kufuta kioo zenyewe, na zilipochoka, taa zikawaka. Kisha honi.

Wengi hawajui kwa nini hutokea hivyo. Maji ya chumvi hupitisha umeme kuliko maji ya mvua kwa mbali sana. Yakishajipenyeza kwenye swichi na nyaya, hugusanisha vitu ambavyo fundi alivitenganisha kwa makusudi, na gari hudhani limeamrishwa. Honi ile haikupiga piipii ya salamu. Ilikuwa mlio mmoja mrefu usio na koma wala nukta, na soko la samaki liko hatua chache tu. Watu waliacha mnada. Mwanamke mmoja alikuja na nguru wake mkononi, hajaamua hata kama anamnunua.

Mvuvi wa makamo, amejifunga shuka kiunoni, akanifikia kwanza. Akatazama gari, akatazama bahari, akasema, “Mzee, leo bamvua.”

Hapo ndipo klipu inapoanzia. Watu wameandika kwamba nilikuwa nabishana. Nilikuwa nauliza. Bamvua ninaijua, nimeichora ubaoni mara nyingi kuliko nilivyochora ramani ya Tanganyika. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, jua, dunia na mwezi hukaa kwenye mstari mmoja, mivuto inajumlishana, maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, mvutano hukaa pembeni, ndiyo maji mafu, bahari haina nguvu. Na jua, pamoja na ukubwa wake wote, huvuta maji kwa nguvu isiyofika hata nusu ya ile ya mwezi, kwa sababu liko mbali. (Mke wangu ameupenda sana ukweli huu. Anautumia mezani.) Tena bamvua yenyewe haifiki kileleni usiku ule wa mwezi mpevu, huchelewa siku moja au mbili, yaani kwenye tarehe 16 hivi, yaani siku ile ile. Yote hayo ninayo. Kisichokuwemo kwenye madaftari yangu ni alichoniambia yule mvuvi: maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Huanza kivivu, katikati hukimbia, mwisho huchoka tena.

Nikamwambia arudie. Maji yalikuwa mapajani. Akaeleza, na mimi nikaanza kupiga hesabu kwa sauti. Tuseme kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika chache, na bahari inapanda mita 3.6. Igawe mafungu 12, kila fungu sentimita 30. Saa ya kwanza linaingia fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa hiyo ile saa ya kwanza mtu anapotazama nyuma akaona bahari imetulia, inamdanganya. Saa ya tatu pekee ni sentimita 90, na kwenye ufuo uliolala vile, sentimita 90 za kwenda juu ni makumi ya mita za kuja nchi kavu. Mabaharia wana kanuni yao hiyo, wanapanga nayo safari. Ni hesabu safi, ya darasa la nne, na nusu ya bahari nzima huingia katika saa mbili za katikati! Ndipo nilipoinua kidole. Maji yalikuwa kiunoni.

“Mwalimu,” mke wangu akaita kutoka nchi kavu, “gari.”

Likavutwa kwa kamba ya nanga. Wavuvi, wachuuzi, wale vijana wa mpira, na yule wa fulana ya njano, ambaye alivuta bila kunitazama. Kwa muda mrefu halikusogea, mchanga ulikuwa umeshameza magurudumu. Mke wangu akapaza sauti kwamba Susi na Chuma walibeba maiti miezi chungu nzima wala hawakupumzika kila baada ya hatua tatu. Sikujua kwamba alikuwa ananisikiliza kiasi hicho.

Lilipotoka, kijana mmoja aliyeshika mwisho wa kamba akanisogelea. “Shikamoo, Mwalimu. Hunikumbuki?” Wanafunzi wangu wako kila mahali, na daima hutokea nikiwa nimelowa. Alisema nilimfundisha Jiografia kidato cha pili. Nikafurahi. Nikamuuliza watanifanyia shilingi ngapi. Akataja bei ya mgeni wa Ulaya, kwa heshima zote, mikono nyuma.

Mkwe wangu nilimpigia mwenyewe. Angefoka ningepona. Alisema, “Usijali, Baba, la muhimu mko salama,” kisha akanyamaza kwa muda wa kutosha mtu kuhesabu bei ya injini.

Si mara yetu ya kwanza kutembea. Sabasaba tulimpoteza mtoto wetu wa kati, tukamkuta anakula aiskrimu na familia nyingine na hataki kuhama. Amboni nilimwongoza mwongozaji. Kwenye treni ya SGR kwenda Morogoro nilimweleza jirani yangu tofauti ya reli ya milimita 1,435 na ile ya zamani ya milimita 1,000 tangu tunaondoka hadi tunafika; alikuwa mhandisi wa reli.

Fundi alitaka fedha yote mbele. Chumvi haina subira, alisema, kila siku inakula. Na hapa naomba nisicheke kidogo. Nilipoajiriwa, mwalimu wa serikali alijua kwamba akistaafu atapewa nusu ya mafao yake kwa mkupuo. Watu wamejenga kichwani nyumba nzima juu ya hiyo nusu. Mwaka 2022 kikokotoo kikasema asilimia 33. Mwaka 2024 ikatangazwa bungeni kuwa itapanda hadi 40, na nusu ikabaki hadithi. Inayobaki, tuliambiwa, tutalipwa kidogo kidogo kila mwezi, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba wastaafu wakipewa nyingi huzimaliza: huoa, hununua daladala, hufa maskini. Mimi sikutaka daladala. Nilitaka bati za upande wa nyuma. Nimekabidhiwa watoto wa watu, vyeti vyao na mitihani ya taifa ndani ya bahasha za lakiri, hakuna aliyeuliza kama nina akili timamu. Hela yangu mwenyewe ndiyo ikaonekana ni nyingi kwangu.

Aliyelipa ni mke wangu. Wiki ile ilikuwa zamu yake ya upatu, fungu alilokusudia kununulia jokofu la kuuzia barafu na juisi. Wanawake wale hawana ofisi wala fomu. Kijumbe wao anatembea na kapu. Zamu ikifika, mtu anapewa zote, siku hiyo hiyo, anahesabu mbele ya wenzake, na hakuna anayemuuliza kama ataolewa nazo.

Deni langu liko kwenye daftari lake, ukurasa unaofuata wa muuza mkaa. Amepiga mstari wa pembeni kwa rula, na juu ameandika jina langu kamili, la babu likiwemo.