Pongezi kwa Jiji Lililogundua Muziki wa Kunong'ona

Kwa Wakuu wa Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi, wenye dhamana ya utamaduni, burudani na utulivu wa usiku.

KUH: SHUKRANI ZA MASHABIKI WA MUZIKI WA KUJITEGEMEA

Waheshimiwa,

Barua nyingi zinazozifikia ofisi za kaunti huwa za malalamiko kuhusu maji, taka na barabara, kwa hiyo huenda ikawashangaza wapokeaji kuona kwamba hii ni barua ya pongezi. Mashabiki wa muziki wa kujitegemea jijini Nairobi, yaani muziki unaotungwa na kupigwa na wasanii wasio na kampuni kubwa ya kurekodi nyuma yao, ambao riziki yao hutegemea jukwaa dogo na watu mia moja au mia mbili waliotuma kiingilio kwa M-Pesa, wameutafakari kwa muda mrefu utaratibu wa kisheria unaouongoza muziki huo, na wamekata shauri kwamba utaratibu wenyewe ni kazi ya sanaa inayopita kwa ubunifu karibu kila kitu kinachopigwa jukwaani. Ni haki basi waliouasisi na wanaoutekeleza washukuriwe wangali hai.

Msingi wa utaratibu huo umo katika Katiba ya 2010. Jedwali la Nne, katika sehemu yake ya pili, linaorodhesha majukumu ya kaunti. Kipengele cha tatu kinaikabidhi kaunti udhibiti wa uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma, na kipengele cha nne, kinachofuata papo hapo, kinaikabidhi kaunti hiyo hiyo shughuli za utamaduni na burudani, zikiwa zimewekwa fungu moja na kamari, mbio, leseni za vileo, sinema, maktaba na makumbusho. Msomaji wa juujuu angeweza kudhani kwamba hapo pana mgongano, kwamba mkono ulioagizwa kuiwamba ngoma ndio huo huo ulioagizwa kuipasua. Msomaji makini atatambua kwamba waandishi wa Katiba waliona mbali, kwa sababu ofisi yenye uwezo wa kutoa kibali cha tamasha asubuhi na kutuma kanjo, kama wakazi wanavyowaita askari wa kaunti, walizime tamasha hilo usiku, haihitaji kumwandikia mtu yeyote barua ya ushirikiano.

Hata hivyo uzuri wa kazi hii haudhihiriki mpaka zisomwe kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira na ambazo Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA, huzisimamia nchini kote. Kanuni hizo hupima sauti kwa desibeli, kipimo ambacho hakipandi kwa hatua za kawaida, kwani kila desibeli kumi zinapoongezeka, nguvu ya sauti huzidishwa mara kumi. Mnong'ono hukadiriwa kuwa desibeli 30 hivi, mazungumzo ya watu wawili mezani 60 hivi, na dramu zikipigwa kwa vijiti na mtu mwenye afya hupita 100 bila taabu. Jedwali la kanuni linauruhusu mtaa wa makazi, nje ya nyumba, desibeli 50 mchana, linauruhusu mtaa ambamo makazi yamechanganyika na biashara na kumbi za burudani desibeli 55, na eneo la biashara 60. Usiku unapoingia, tofauti hizi zote hufutwa kwa usawa ambao wanafalsafa wameutafuta bila kuupata: kila eneo, lenye ukumbi wa burudani na lenye nyumba ya ibada, hupewa desibeli 35.

Desibeli 35 ni mnong'ono wa mtu aliyekaukiwa na sauti. Kwa kuwa mazungumzo ya kawaida yana nguvu ya sauti inayozidi kiwango hicho zaidi ya mara mia tatu, mshereheshaji anayepanda jukwaani na kuwauliza watu hali zao huwa amekwisha kuvunja kanuni kabla bendi haijachomeka waya wa kwanza, na wale wanaomjibu kwamba wako poa huwa wameshiriki kosa hilo kwa pamoja. Kwingineko duniani mitindo ya muziki imezaliwa kwa kuongeza kitu, gitaa likaongezewa umeme, ngoma ikaongezewa mashine. Nairobi peke yake imebuni mtindo unaozaliwa kwa kuondoa sauti, na hilo ni jambo ambalo idara za muziki za vyuo vikuu zingepaswa kulifundisha. Ni kweli kwamba kanuni zinatoa nafasi ya kuomba leseni ya kuvuka kiwango, na ni kweli pia kwamba ukumbi wenye kuta za kuzuia sauti ungesalimika, lakini ukumbi wa aina hiyo hujengwa na mtu mwenye fedha za kujenga benki, ilhali muziki unaozungumziwa hapa hupigwa uani, kwenye paa la jengo au chini ya turubai lililokodiwa kwa siku moja.

Ustadi wa utunzi unaonekana zaidi katika suala la saa. Kwa mujibu wa kanuni, mchana huisha saa mbili kamili usiku, na dakika moja baadaye sheria ya mnong'ono huanza kazi. Sheria ya udhibiti wa vileo ya 2010, ambayo wananchi huijua kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, Mututho, nayo ilipanga kwamba baa ya kawaida ifunguliwe saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na klabu ya usiku saa moja jioni hadi saa tisa usiku. Atakayeziweka sheria hizo mbili juu ya meza moja atagundua kwamba tamasha halali katika baa, siku ya Alhamisi kwa mfano, lina muda wa saa tatu, na tamasha halali katika klabu ya usiku lina saa moja, ambayo baada yake klabu hubaki na saa saba za kuwauzia vinywaji watu wanaonong'onezana. Hata katika muda huo halali bendi haipaswi kuzidi desibeli 55 au 60, yaani mwimbaji anaruhusiwa kuimba kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

Lakini kati ya saa kumi na moja jioni na saa mbili usiku, shabiki yuko kwenye msongamano wa magari wa Thika Road. Akikaa upande wa magharibi, yuko Waiyaki Way. Akikaa Eastlands, yuko Jogoo Road, na hatua linazopiga gari lake ni za kuhesabika. Hapo ndipo utaratibu unapofikia kilele chake, kwa sababu gari hilo mara nyingi ni nganya, yaani matatu iliyopambwa kwa michoro na taa na kufungiwa spika zinazotikisa viti, na ndani yake shabiki husikilizishwa muziki kwa kiwango ambacho hakuna ukumbi mdogo wa jiji ungethubutu kukifikia. Kisheria magari nayo yanakatazwa kupiga kelele. Kivitendo, sauti inayosafiri ni vigumu kuipimia eneo, maana mwenye kipimo anapokitoa mfukoni nganya imeshafika kituo kinachofuata, na kwa hiyo jiji limepata mfumo ambamo muziki unaruhusiwa kwa kadiri unavyokimbia. Bendi iliyosimama mahali pamoja haina utetezi huo.

Historia nayo inasaidia kuonyesha ukubwa wa mafanikio haya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Samba Mapangala, mwimbaji aliyezaliwa Kongo, pamoja na Orchestra Virunga waliujaza ukumbi wa Starlight Club usiku baada ya usiku, kwa magitaa na tarumbeta ambazo hazikuwa na habari ya desibeli, na rekodi za bendi hiyo zingali zikichezwa kwenye harusi za watu ambao wakati huo walikuwa hawajazaliwa. Hayo yalikuwa makosa ya zama za giza. Katika zama za nuru kizazi kingine kilijaribu tena: Just a Band, kundi lililoanzia miongoni mwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, lilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 2008 na kufikia 2010 likamfanya shujaa wa kubuni aitwaye Makmende asambae mtandaoni hadi nje ya bara; na mwaka huo huo wa 2008 msanii Muthoni Drummer Queen alianzisha Blankets & Wine, mkusanyiko wa Jumapili ambamo watu hukaa kwenye nyasi na blanketi zao, watoto wakikimbia huku na huku, wakisikiliza wasanii ambao redio nyingi zilikuwa hazijawagusa. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba mkusanyiko wa muziki wa kujitegemea uliopata sifa kuliko yote jijini ulianza kama shughuli ya mchana. Wenye nia njema watasema ilikuwa kwa ajili ya familia na jua la Nairobi.

Pamoja na hayo, kumbukumbu za mashabiki wengi hazikujengwa katika majengo ya jiji. Zilijengwa kwenye bustani ya Alliance Française na katika ukumbi wa Goethe-Institut, vituo viwili vya utamaduni vya Ufaransa na Ujerumani vinavyopakana katikati ya jiji, na pia GoDown, kituo cha sanaa kilichofunguliwa mwaka 2003 ndani ya ghala la zamani huko Industrial Area. Kwa muda wa kizazi kizima, kijana wa Kayole aliyetaka kusikia wimbo mpya wa kijana mwenzake wa Dandora alilazimika kwenda kuusikilizia kwa Wafaransa. Kaunti haina budi kupongezwa kwa kuzipa serikali mbili za Ulaya nafasi ya kuona fahari ya kuulea muziki wa Nairobi, heshima ambayo jiji lenye choyo lingejiwekea lenyewe.

Isidhaniwe kwamba mashabiki wanamdharau mwenye usingizi wake. Mkazi wa Kilimani au Kileleshwa anayelipa kodi ya nyumba, ambaye mtoto wake ana mtihani kesho na dirisha lake linatetemeka saa nane za usiku kwa besi ya klabu iliyohamia jirani bila kuulizwa mtu, ana hoja ambayo hakuna mpenda muziki mwenye akili timamu atakayeipinga. Mwishoni mwa 2022, kaunti ilipotangaza kwamba klabu za usiku katika mitaa ya makazi hazitapewa leseni wala kuhuishiwa zilizo nazo, wakazi wengi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Tatizo ni kwamba kiwango cha desibeli 35 hakimtofautishi mpiga santuri mwenye spika zenye kimo cha mlango, anayenguruma siku saba kwa juma, na bendi ya watu wanne inayopiga nyimbo zake yenyewe mara moja kwa mwezi na kufungasha vyombo kabla ya saa tano. Sheria ikiwa kali kiasi cha kutotimizika, wote huwa wahalifu kwa pamoja, na katika hali hiyo anayesalimika ni yule mwenye wakili wa kukimbilia mahakamani au mwenye namna nyingine ya kuelewana gizani, jambo ambalo mwimbaji Eric Wainaina alikwisha kuliimbia mwaka 2001 na barua hii haina haja ya kulirudia. Bendi ya watu wanne haina wakili. Ina dramu la kukodi linalotakiwa kurudishwa asubuhi.

Kwa kuwa pongezi bila mapendekezo ni adabu pungufu, mashabiki wanapendekeza mambo machache ya kuukamilisha utaratibu huu. Bendi zipewe vibali vya njia, kama matatu, ili zipigie ndani ya nganya ya Rongai, ambayo kwa mwendo wake itakuwa imevuka mpaka na kuingia Kaunti ya Kajiado kabla wimbo wa nne haujaisha, na hapo kero itakuwa ya gavana mwingine. Ofisi za kaunti zifungwe saa sita mchana kila Alhamisi, na za kampuni binafsi vivyo hivyo, ili wananchi wapate kufika kwenye tamasha kabla usiku wa kisheria haujaingia. Na endapo haya yataonekana kuwa na gharama kubwa, lipo pendekezo dogo lisilo na ubunifu wowote, ambalo linatajwa hapa kwa ukamilifu tu: kumbi za jamii za kaunti, kama zile za Kaloleni na Pumwani, ziwekewe pazia nene, milango inayofunga na fundi mmoja wa sauti, zikodishwe kwa bei ambayo bendi isiyo na mfadhili inaweza kuilipa, na kanuni zitambue kwamba kati ya mnong'ono na mngurumo kuna daraja ambalo watu waliostaarabika huliita muziki.

Majibu yanaweza kutolewa wakati wowote wa kazi. Watakaopenda kuyatoa kwa mdomo baada ya saa mbili usiku wanakumbushwa kwa heshima kuhusu kiwango kinachoruhusiwa.

Wenu katika utulivu,
Mashabiki wa Muziki wa Kujitegemea, Nairobi

Nakala: Wamiliki wa nganya, kwa taarifa na wivu, wachungaji wenye mikesha ya Ijumaa, ambao jedwali la desibeli linawahusu pia na huenda hawajalisoma, Balozi za Ufaransa na Ujerumani, pamoja na shukrani na swali kama bustani iko wazi mwezi ujao.