Kisu Kimelazwa, Kinasubiri Vipimo

Kuna mabwana siku hizi ambao kisu cha kukatia vitunguu hawakinoi, wanakifanyia uchunguzi. Kinapitishwa kwenye kinoo cha kwanza, kinoo cha pili, kisha inatolewa lenzi ya sonara, ile inayokuza mara 10. Bwana akiona makali yamenyooka, hafurahi. Anaagiza hadubini ya kuchomeka kwenye kompyuta, atafute kasoro mpaka azipate. Na atazipata: hata wembe mpya ukikuzwa mara 200 huonekana mikwaruzo mitupu.

Haki yake tumpe. Ukinoa, chuma chembamba hujikunja upande wa pili wa makali, na kisipoondolewa, kisu kitakata leo na kugoma kesho. Lenzi hukionyesha chuma hicho. Ila hata kidole hukihisi, kikipitishwa taratibu kutoka mgongoni kuelekea ukingoni. Na makali butu yakielekezwa kwenye taa humeta mstari mweupe, yaliyonoleka hayameti. Fundi anayezunguka mtaani na baiskeli yake ya kunolea hana hadubini, na wauza nyama wanamlipa.

Kinachochekesha zaidi ni mwisho wa matibabu. Kisu kilichopigwa picha pande zote, picha zikatumwa kwa marafiki, kinakwenda kukata nyanya juu ya sahani ya kaure, ambayo huua makali kabla kachumbari haijatiwa chumvi.

Bwana, uza hadubini ununue ubao wa kukatia. Na kisu kirudishe jikoni, watu wana njaa.