Sifa za Shilingi Iliyoharibika Kabla ya Kuzaliwa

Enyi mlioshika noti za elfu, naomba utulivu. Kwenye harusi na matanga mmewasifu madiwani mpaka wakaamini. Leo zamu ni ya shilingi moja iliyogongwa vibaya: nembo ya taifa imeteleza pembeni, twiga wa upande wa pili kabaki na shingo bila kichwa, na ukingo umejaa upande mmoja, upande mwingine haupo kabisa. Muuza omena wa Port Victoria ameigeuza mara moja akairudisha. Mwenye boda hakuigusa. Mtoto aliyetumwa peremende amerudi nayo nyumbani akilia. Katika kaunti nzima ya Busia, nionyesheni kiumbe mwingine aliyekataliwa na watu wengi hivyo kabla ya saa nne asubuhi, na bado akalala mfukoni bila kinyongo.

Wenzake walio sawa hawana la kusimulia. Walitoka kiwandani kwa mamilioni, sura moja, wote wanyoofu, na ukimjua mmoja umewajua wote. Hii yetu ina wasifu. Imebeba ushahidi wa dakika ile ambayo mashine ya mamilioni ya pesa ilipepesa jicho. Kisahani cha chuma hakikukaa sawasawa kati ya mihuri miwili, muhuri ukashuka, basi. Picha ikaenda kando. Au bamba la chuma halikusogezwa vya kutosha, na kikata-visahani kikauma pale kilipokwisha kuuma, ndipo sarafu ikazaliwa na pengo la mviringo ubavuni.

Pengo hilo, ewe mwanafunzi, lisikudanganye. Mjukuu wako mwenye tupa anaweza kulichonga jioni moja. Geuza sarafu uangalie ukingo ulio mkabala na pengo. Kama pengo ni la kiwandani, mara nyingi ukingo wa upande ule wa pili nao huwa hafifu, kwa sababu kisahani kilichopungua huku hakikubanwa vizuri kule. Tupa ya mjukuu haijui siri hiyo.

Ufa nao una heshima zake. Muhuri ukipasuka, chuma cha sarafu huingia ndani ya ule mpasuko, kwa hiyo kwenye sarafu ufa huonekana kama mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa barabarani huzama. Pitisha ukucha: kilichoinuka huenda ni kosa la kiwanda, kilichozama karibu kila mara ni kosa la dunia. Na kuna ajabu iliyo kubwa kuliko zote: sarafu hung'ang'ania muhuri wa juu, inayofuata inagongwa na mgongo wa dada yake, inatoka na picha ileile iliyopinduka na kudidimia. Nani mwingine hapa duniani huzaliwa na sura ya jirani yake imechorwa kinyumenyume?

Nasikia mnanong'ona kwamba hiki ni kitu kidogo mno kwa sifa kubwa namna hii. Basi twende mwaka 1936. Edward VIII alipata ufalme wa Uingereza mwezi Januari, na kufikia tarehe 11 Desemba hakuwa mfalme tena. Kwao, sarafu zake hazikupata kutolewa rasmi zitumike madukani. Huku kwetu, senti 5 na senti 10 za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati. Hazikuwa na nafasi ya uso wa mtu, zilihitaji jina tu. Zikagongwa na jina lake kwa mamilioni, zikaingia sokoni kununua chumvi. Enzi yote ya mfalme yule ikahifadhiwa na tundu! Ukiipata moja tafuta herufi H au KN, alama za viwanda viwili vya Birmingham, kisha tazama tundu lenyewe kama limekaa katikati au limepotoka. Si adimu, usiuze shamba. Tarehe hiyohiyo, 11 Desemba, mwaka 2018, Rais Uhuru Kenyatta alizindua sarafu za twiga, kifaru, simba na ndovu, kwa kuwa Katiba ya 2010 haitaki picha ya mtu kwenye pesa. Tarehe hiyo haina huruma kwa vichwa.

Sisi wa mpakani tumebarikiwa kuliko wa Nairobi. Chenji ya Busia na Malaba huchanganya mataifa mawili, na shilingi 200 ya Uganda ina picha ya samaki, jambo ambalo Port Victoria ilipaswa kulidai kwanza. Lakini Malaba pia kuna malori na reli, na lori likipita juu ya sarafu huitengenezea umbo ambalo hakuna kiwanda kilichowahi kulifikiria. Kiini cha shilingi 10 au 20 kikiwa kimetoka, uliza kwanza kama hakuna aliyekipiga msumari. Beba sumaku: shilingi yetu ya mwaka 2005 ni chuma kilichopakwa nikeli, huing'ang'ania. Ikiikataa, ipeleke kwenye mizani ulinganishe uzito na wenzake wa mwaka uleule.

Fadhila zake kwa familia hazihesabiki. Humfanya mzee mzima asimamishe foleni ya gorogoro akigeuza chenji juani huku samaki wakinuka. Humfundisha mke wake subira, kwa maana pesa ya sukari imewekwa kwenye kikopo cha dawa na hairuhusiwi kutumika. Hulinda hata umaskini wa mwenyewe, maana nyingi ya sarafu hizi, baada ya utafiti wote huo, huwa na thamani ya shilingi moja. Wanaodai bei ya ng'ombe kwa sarafu ya shilingi 40 ya mwaka 2003, isiyo na kosa lolote, waacheni na ng'ombe wao.

Nawaomba jambo moja, mama zangu wa samaki: mkinirudishia chenji, nipeni zile zilizokataliwa. Na wewe uliyekwisha kupata yako, usiisugue kwa majivu wala ndimu. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza thamani kwa wakusanyaji.