Ramani Imetulia, Mji Unajengwa

Amri ya mipango miji ya Kongo ni ya 20 Juni 1957, Mbelgiji akiwa bado bwana. Hongera yake: imedumu kuliko nyumba nyingi za miti na udongo pale Rwambuzi, mtaa wa Bunia. Tangu mwisho wa 2017, mauaji katika eneo jirani la Djugu yameujaza mji huu wakimbizi wa ndani. Mwenye bahati kapanga chumba, wengine wako chini ya bashi. Tukilegeza masharti ya ujenzi ya amri hiyo, wakubwa wanaonya, mji utaharibika. Kumbe sasa umenyooka! Sharti lisilowezekana halimzuii maskini kujenga. Linamnyima hati tu, ili siku ya kubomolewa akose cha kuonyesha. Waheshimiwa, halalisheni nyumba ndogo kwenye parsele ndogo, na mpimaji atangulie kuchora njia na mifereji.