Kadi Yenye Vipima Joto Tisa

Kuna watu wananunua baridi. Sisemi barafu ya juisi. Nasema baridi yenyewe, ya kumimina kutoka kwenye mtungi. Wanafungua kompyuta, wanasimika kopo la shaba juu ya chipu, wanamimina naitrojeni ya kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Moshi mweupe unatanda mezani, vidole vinakufa ganzi, na taabu yote hiyo ni ili mashine ikimbie kuliko alivyokusudia mwenye kiwanda. Wenyewe huuita mchezo huo ovaklokingi. Wana mashindano, rekodi na wafalme wao, na mpwa wangu, ambaye hawezi kukutajia wajomba zake wote kwa mpangilio, wafalme hao anawajua mmoja mmoja.

Sisi wa Ikonda baridi tunapewa bure. Tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huku Makete, na ikifika Juni na Julai mtu haendi kuoga kabla hajajadiliana na nafsi yake.

"Mjomba," akaniambia siku moja, "wenzetu wanaanza na chumba chenye nyuzi 25. Sisi leo asubuhi tulikuwa na ngapi?"

Nikamjibu kwamba sijapima, ila viazi vya jirani vimeunguzwa na barafu.

"Unaona? Huo ni mtaji umelala."

Ukimtajia Mkinga mtaji uliolala umemharibia siku. Ndugu zetu wameshuka milimani wakauza kila kinachouzika, kuanzia Makambako hadi Kariakoo, na sikumbuki hata mmoja aliyewahi kuwaza kuuza baridi. Nikanyamaza ili nisionekane ninaikwamisha biashara.

Mpwa wangu ana kibanda cha stationari jirani na hospitali ya Konsolata. Anatoa kopi, anapiga picha za paspoti, anawachapia barua watu waliokuja kuuguza. Faida ya kopi, ukijumlisha na magunia ya viazi ambayo mama yake alidhani bado yako ardhini, ilikwenda Kariakoo na kurudi ikiwa kadi moja ya grafiki ya mtumba.

Wala si kadi ya kuonyeshea maandishi. Ni GTX 1080 Ti ya EVGA, toleo la Kingpin la mwaka 2017. Kingpin ni jina la ulingoni la Mmarekani Vince Lucido, bingwa wa kumimina hiyo naitrojeni, na EVGA waliamua kutengeneza kadi zinazobeba jina lake. Chipu ni ileile ya 1080 Ti za watu wa kawaida. Tofauti ni kwamba ile ya kawaida hutangaziwa kasi ya megahezi 1,582, wakati toleo hili lilikuja na ahadi ya kuvuka 2,025. Mapezi yake ya kupoozea yana rangi ya shaba, nyaya za umeme zinachomekwa kwa nyuma, na ndani mmetegwa vipima joto tisa vya ziada. Halafu Septemba 2022 EVGA wakatangaza kuachana na biashara ya kadi za grafiki. Tangu hapo mashabiki huzizungumzia kadi hizo kwa sauti ya matanga, na wauzaji huzipangia bei ya urithi.

Dada yangu alielezwa yote hayo kwa utulivu. Alichosikia ni vipima joto.

"Tisa? Humu ndani kuna watoto wanne na hatuna hata kimoja. Hiyo inaumwa nini?"

Mimi ndiye niliyetumwa Makambako kuipokea. Mzigo ulitoka Dar es Salaam kwa basi, nao uliandikwa kwa kalamu nene: IKONDA, KIFAA NYETI, USILAZE. Anayeijua barabara ya huku ataelewa kilichotokea. Ikonda, kwa mtu wa Songea, wa Mbeya au wa Sumbawanga, maana yake ni hospitali. Watu huvuka mikoa kuja kutibiwa kijijini kwetu. Boksi lenye maandishi yale halikuhitaji maelezo. Kondakta alilipokea kwa mikono miwili. Mama mmoja aliyekuwa amebeba kuku akamhamishia kuku wake upande wa pili ili asiliambukize. Mzee mmoja alisimama, akasema liketi pale pale dirishani, yeye bado ana nguvu.

Nilitaka kusema kweli. Lakini gari lilikuwa limejaa, na mimi pia nilikuwa nimepata kiti kama msimamizi wa kifaa.

"Kinatibu nini, baba?" akaniuliza yule mama tulipoiacha Njombe.

Nikamwambia kinashughulika na picha. Hapo sikudanganya: chipu za ukoo huohuo hutumika kweli kuunda picha za mashine za CT. Mama akashukuru Mungu kwa niaba ya wagonjwa wote, basi lote likaitikia amina, na kadi ya kuchezea gemu ikaingia Makete ikiwa imeombewa.

Habari zilikuwa zimeshawafikia wenyewe. Jumamosi wakaja: fundi kompyuta kutoka Makambako, mwalimu wa fizikia wa jirani, na vijana wawili wa chuo waliotoka Njombe na makoti makubwa. Sijawahi kuona wanaume wakinawa mikono kwa sabuni bila kuambiwa chakula kiko tayari. Boksi likafunguliwa. Kimya. Wakaipokezana kama mtoto wa siku arobaini, kila mmoja akitafuta anafanana na nani. Fundi akainusa, akasema harufu hii sasa hivi viwanda havitoi. Kijana mmoja akataka kupigwa picha akiwa ameishika, mwenzake akamwambia asitabasamu, si mahali pa kutabasamu. Mwalimu aliigeuza, akahesabu feni, akasema, "Tatu," kisha akairudisha mezani kwa heshima.

Ubishi ukaanza chai ilipoletwa. Fundi alidai hii ni bora kuliko RTX 4090, kwa sababu kadi ya leo inakuja imeshakamuliwa kiwandani, haimwachii mtu kazi. Kijana akamkumbusha kwamba 4090 ni kadi ya wati 450, na mwaka 2022 ilitoka na plagi ambazo kwa baadhi ya watu ziliyeyuka. Fundi akasema ndiyo maana. Sikuelewa ndiyo maana ya nini, lakini wote walitikisa vichwa. Walibishana mpaka ugali, wakabishana juu ya ugali, na muda wote huo kadi haikuwa imechomekwa popote.

Haikuwezekana kuchomekwa. Kompyuta ya kibandani ni ya mtumba wa maofisini, na pawa saplai yake ni ya wati 240. Kadi peke yake, ile ya kawaida tu, huomba wati 250. Boksi la kompyuta nalo lilikuwa fupi. Kwa hiyo mashine ya kukimbia kuliko zote Makete nzima ikawekwa kabatini, kati ya vikombe vya wageni na cheti cha ubatizo, na mashabiki waliendelea kuja kuizuru. Nadhani kile ndicho kipindi walichoifurahia zaidi. Kadi iliyo kabatini haina kasoro. Kila jioni ilizidi kuongezeka kasi midomoni mwao.

Siku fundi alipopata pawa saplai ya kufaa kutoka Makambako, na kompyuta ikahamishiwa nyumbani bila boksi lake, dada yangu akaleta kalamu. Nyumba yake iko kwenye kundi la matumizi madogo ya umeme, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka hapo, bei ya uniti inayofuata inapanda zaidi ya mara tatu. Akamuuliza mwalimu mashine nzima inakula kiasi gani ikichezeshwa. Mwalimu, mtu mkweli, akasema tuseme wati 500. Akaulizwa kwa saa ngapi. Kijana wa Njombe akaropoka, "Tano kwa siku, mama, si nyingi." Mwalimu akazidisha pembeni ya daftari: nusu uniti kwa saa, mbili na nusu kwa siku, na kwa mwezi...

"Sabini na tano," akasema, akafunga daftari taratibu.

"Na pasi?" dada akauliza. "Na taa? Na simu zenu mnazochajia hapa?"

Hapakuwa na wa kujibu. Walikubaliana usiku mmoja tu, wa kuweka rekodi.

Ndipo likaja suala la naitrojeni. Mashabiki hawa wangeweza kutosheka na baridi ya Mungu, lakini mwalimu aliwakatisha tamaa: kwenye mwinuko huu hewa ni nyepesi, imepungua karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam, kwa hiyo feni inazunguka ileile lakini inasukuma hewa kidogo. Tulichopewa kwa mkono wa baridi tunanyang'anywa kwa mkono wa mlima. Kijana mmoja akakumbuka kwamba naitrojeni ya kimiminika ipo nchi hii, tena si mbali. Huku ni kwa ng'ombe wa maziwa. Kitulo kuna shamba zima la serikali la ng'ombe hao, na mbegu za madume huhifadhiwa ndani ya mitungi ya hiyohiyo naitrojeni.

Wakamfuata mtaalamu mmoja wa uhimilishaji. Niliambatana nao kwa sababu ya uzee wangu, ili tuonekane watu wazima.

"Ng'ombe ameanza joto lini?" akatuuliza.

"Si ng'ombe," fundi akasema, "ni kadi. Joto linaanza ukiiwasha."

Mtaalamu akanitazama mimi. Nikatazama mlimani.

"Mnataka mbegu ya dume gani?"

"Mbegu baki nazo, mheshimiwa. Sisi tupe ule moshi."

Alituaga kwa adabu. Baadaye nilisikia akimwambia mwenzake kwamba watu wa mjini wameanza kuleta dini mpya.

Walirudi bila moshi, ila na elimu nusu. Wachezaji wa naitrojeni hupaka bodi ya kompyuta mafuta ya mgando ili unyevu wa ule ubaridi usiingie kwenye saketi. Bila naitrojeni hayana kazi yoyote. Kadi yenye moto haitoi umande. Mwalimu alisema hivyo, mara kadhaa, akapuuzwa. Asubuhi dada yangu hakukuta kopo la mafuta, na watoto walikwenda shule wamepauka miguu mpaka magotini, katika wiki ya baridi kuliko zote. Kopo lilipatikana nyuma ya kompyuta, limekombwa. Bodi iling'aa mpaka ukajiona.

Usiku wa rekodi ukafika. Madirisha yote yakafunguliwa, mlango ukaegeshewa jiwe, ukungu ukaingia ukakaa. Tulivaa makoti, kofia, mimi na blanketi juu. Dada alijifungia chumbani na watoto wote kitanda kimoja. Fundi akawa anapandisha kasi kidogo kidogo, kijana akisoma vipima joto kwa sauti, vyote tisa, mwalimu akiandika. Elfu mbili. Elfu mbili na hamsini. Jaribio likaanza kukimbia kwenye skrini, feni zikalia, na namba ikapanda hadi 2,114. Vijana wakaruka. Hapo hapo nyumba ikazima giza: LUKU ilikuwa imelia tangu saa moja, na mwenye kununua alikuwa amegoma mpaka tarehe moja. Shangwe haikusimama. Walikumbatiana gizani, wengine nadhani walinikumbatia mimi.

Mlangoni akatokea babu wa jirani na tochi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani kafunga?"

"Hakuna aliyefunga, babu. Ni elfu mbili mia moja na kumi na nne!"

Babu akamulika nyuso moja moja. "Dakika ya ngapi?"

"Kama ya nne," mwalimu akasema. "Halafu umeme ukaisha."

"Basi hiyo haihesabiwi. Mechi haikumalizika."

Kwa kanuni za mchezo wao ndivyo ilivyo hasa, jaribio lisilofika mwisho halina alama, na mwalimu alikuwa wa kwanza kukiri. Wale wengine walimzunguka babu pale mlangoni, kila mmoja na hoja yake, wakikata rufaa.