Sifa za Setingi ya Zamani

Paneli husifiwa kwa sababu iko juu ya bati na kila mpita njia anaiona. Betri husifiwa kwa sababu ililipiwa dola. Setingi ya chaji nani aisifu? Ni namba tu ndani ya kidhibiti, iliyobonyezwa na fundi siku ya kufunga sola, na tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa. Basi niisifu mimi, hasa ile inayobaki palepale baada ya betri ya kwanza kufa na mpya kuwekwa mahali pake.

Sifa yake ya kwanza ni uaminifu. Betri ya maji imekufa. Mwenye nyumba wa Nyankunde ameagiza betri kavu kutoka Bunia. Mzigo wa kilo kama 30 unafika kwa pikipiki, umefungwa kwa mpira nyuma ya dereva, umekula vumbi lote la njia. Nyaya zinakazwa, taa zinawaka, watoto wanashangilia. Setingi haishangilii. Bado inamtumikia marehemu: volti 14.8 kila mchana wa jua kali, na mara moja moja inapandisha mpaka 15 au karibu yake ili kusawazisha seli. Marehemu alifaidika na mchemko huo; asidi yake ilichanganyika vizuri, na maji yakipungua aliongezewa. Betri kavu haina kizibo cha kufungua. Gesi inatoka kwenye vali, maji yanakwenda nayo, na hakuna wa kuyarudisha.

Watu hutoka mbali kuja kutibiwa katika hospitali ya CME hapa Nyankunde. Sijapata kusikia mgonjwa aliyekubali kumeza dawa za mtu aliyelala kitanda kile kabla yake. Betri pekee ndiyo hukubali, tena bila kulalamika.

Sifa ya pili ni kutopendelea. Usidhani setingi ya zamani huua kwa shibe tu. Ikiwa ilipangwa kwa betri ya jeli, yenye kutosheka na volti 14.1 au 14.2, nawe ukaleta betri ya maji inayotaka 14.4 na zaidi, itaua kwa njaa. Kila jioni betri italala haijajaa, salfeti itaganda kwenye bamba za risasi, na taa iliyozoea kufika saa nne za usiku itaanza kuzimika saa mbili.

Sifa ya tatu ni ujasiri mbele ya wakubwa. Siku hizi inakuja betri ya lithiamu na fosfati ya chuma, nyepesi, ghali, isiyo na hata chembe ya kobalti ya Kolwezi. Kemia yake ilitoka katika maabara ya John Goodenough huko Texas miaka ya 1990, na mzee huyo alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2019 kwa kazi yake ya betri za lithiamu. Setingi ya zamani haitishwi na Nobeli. Inaisawazisha betri isiyotaka kusawazishwa, mpaka ubao wa ulinzi uliomo ndani yake unajikatia wenyewe. Hapo paneli inakosa pa kupeleka umeme, na kidhibiti cha bei nafuu kinaweza kuupitisha moja kwa moja hadi kwenye balbu.

Lakini sifa iliyo kuu kuliko zote ni unyenyekevu. Betri ikifa kabla ya wakati, muuzaji anaitwa mwizi, Wachina wanatukanwa, mvua inalaumiwa, hata jirani mwenye jicho baya anatajwa. Setingi haigombei jina. Imetulia nyuma ya kioo kidogo chenye vumbi na mavi ya mjusi, inaonyesha namba yake ileile, kana kwamba haijui lolote. Wauza betri nao wana deni kwake: kila mteja inayemrudisha dukani mapema anarudi na fedha mkononi.

Asiyependa kuwakirimu wauza betri kwa namna hiyo atapata kazi ya dakika tano. Asome lebo ya betri mpya, ambayo mara nyingi huandikwa volti za kuchaji na za kuishikilia ikishajaa. Ashike kitufe cha kidhibiti mpaka namba ianze kumetameta, kisha achague aina inayolingana: betri kavu, jeli au ya maji. Kwa lithiamu aweke volti kati ya 14.2 na 14.6 kama lebo inavyoagiza, azime usawazishaji, na azime pia ile hesabu ya kupandisha na kushusha volti kwa joto, maana hiyo ni ya betri za risasi. Kidhibiti kisichokubali mabadiliko hayo hakifai kwa lithiamu, hata kiwe kipya.

Na kabla hujamlipa fundi, mwambie akuonyeshe namba.